Safari Yangu ya Kwanza Uchagani

Kila mwaka, Desemba ikifika katikati, duka la Mangi mtaani kwetu Mbagala hufungwa. Sisi tunaokopa sukari na sabuni kwake inabidi tutembee hadi barabara kuu mpaka mwaka mpya uingie. Hakuna anayeuliza kaenda wapi. Jiji zima linajua kwamba Wachagga wamekwenda kwao, kwenye Mlima Kilimanjaro. Mimi ni Mzaramo, nimezaliwa na kukulia Mbagala, na jambo hilo nimeliona tangu utotoni bila kulielewa. Mangi ana nyumba hapa, biashara yake iko hapa, wanawe wote wamezaliwa Temeke. Nini kinamrudisha mlimani kila mwaka, tena wakati nauli iko juu na magari hayapatikani? Binti yake mkubwa ni shoga yangu tangu shule ya msingi. Siku moja alichoka na maswali yangu akaniambia, "Si uje ukaone mwenyewe?" Nikaomba ruhusa kazini, nikafunga begi.

Tulitoka nyumbani usiku wa manane ili alfajiri itukute stendi ya Magufuli, kule Mbezi Luis. Stendi hii ilifunguliwa mwaka 2021 kuchukua nafasi ya ile ya Ubungo iliyokuwa imezidiwa, lakini Desemba nayo huzidiwa vilevile. Watu walikuwa wamelala juu ya mizigo: magunia ya mchele, madumu ya mafuta ya kupikia, magodoro mapya yaliyofungwa kwa nailoni, televisheni ndani ya maboksi. Kila mwaka mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, hutoa vibali vya muda ili mabasi ya njia nyingine yasaidie kupeleka watu Kaskazini. Treni ya abiria ya Moshi nayo ilirudi Desemba 2019, baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20. Hata hivyo watu hubaki stendi. Basi letu lilipoondoka, kulikuwa na vijana wamesimama kwenye njia ya katikati, na hakuna aliyelalamika. Walikuwa wanakwenda nyumbani.

Nilikaa karibu na Mangi mwenyewe. Nimezoea kumwita Baba, naye huniita mwanangu, lakini miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza alifikaje Dar es Salaam. Alinisimulia kabla hatujafika Chalinze. Alizaliwa Kilema, mtoto wa kati katika nyumba ya wavulana wengi. Kwa desturi ya kwao, kijana wa kwanza hupewa sehemu yake mapema, na kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi. Wa kati hupata kilichobaki, na kwao hakikubaki kitu. Alipomaliza darasa la saba, mjomba wake aliyekuwa na duka Kariakoo alituma nauli. Akalala chini ya kaunta, akapanga bidhaa, akajifunza kuhesabu faida kwa kichwa. Baada ya miaka kadhaa mjomba akampa mtaji wa bidhaa badala ya mshahara. Ndivyo lilivyozaliwa duka la mtaani kwetu. Naye baadaye akawaita wadogo zake na watoto wa dada zake, mmoja mmoja, na kila mmoja alilala chini ya kaunta ileile kabla ya kupata duka lake.

Alifika katika wakati mgumu. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya nguvukazi, na mijini watu wasio na kazi inayotambulika wakaanza kukamatwa na kurudishwa vijijini kulima. Mangi anakumbuka jinsi walivyokuwa wakijificha stoo, nyuma ya magunia ya chumvi. "Waliopelekwa walikuwa wanarudi kabla ya mvua kuisha," alisema. "Utamzuiaje mtu kuja mjini wakati ulikomrudisha hana pa kulima?" Swali hilo lilinikaa. Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam ina watu wasiozidi laki tatu. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Hakuna amri wala msako uliowahi kuuzuia mto huo wa watu.

Baada ya Segera mashamba ya mkonge yakaanza, mistari iliyonyooka hadi miguuni mwa milima ya Usambara. Nilikuwa nimeyaona kwenye vitabu vya jiografia tu. Mzee mmoja wa kiti cha mbele alituambia kwamba baba yake alitoka Kigoma akiwa manamba, mmoja wa maelfu waliosajiliwa kwa namba na kuletwa hapa kwa mkataba, wakiwa wametoka Kigoma, Rwanda na Burundi. Mkonge uliletwa na Wajerumani mwaka 1893, na katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka, tukaongoza duniani. Bei ilipoanguka, manamba wengi hawakuwa na nauli wala pa kurudi. Wakabaki, wakaoa, wakazikwa palepale. Mzee huyo hajawahi kufika Kigoma. Alisema hivyo kwa utulivu, akageukia dirisha. Watu wa nchi hii walianza kuhama kufuata mshahara muda mrefu kabla ya maduka ya Kariakoo, na si wote waliopata njia ya kurudi.

Tulipita Mombo, tukapita Same kwenye upepo mkavu na vumbi jekundu, kisha Mwanga. Tulishuka Himo jua likielekea magharibi, tukahamia gari dogo la kupanda mlima. Hapo ndipo nilipoanza kuona nchi nyingine kabisa. Kila tulipopanda hewa ilipoa, na migomba ikaanza kutufunika pande zote mbili za barabara. Sikuona mahali kijiji kimoja kilipoishia na kingine kilipoanzia. Nyumba zimo ndani ya migomba, kila moja katikati ya kihamba chake, yaani shamba la ukoo, na mipaka imewekwa kwa mimea ya isale, ambayo Mchagga haing'oi ovyo.

Lakini nyumba zenyewe ndizo zilizonishangaza. Zilikuwa nyumba za ghorofa, za vigae vya rangi, zenye madirisha ya vioo vya giza na mageti ya chuma, zikiwa zimefuatana kando ya barabara ya vumbi. Mageti mengi yalikuwa yamefunguliwa siku hizo hizo. Vijana walikuwa wakifagia majani yaliyorundikana vibarazani, wanawake wakianika magodoro yaliyonuka unyevu. Shoga yangu alinionyesha moja baada ya nyingine: ya daktari wa Dar es Salaam, ya wakala wa forodha wa Tanga, ya mfanyabiashara wa Mwanza, ya mama anayeishi Marekani. "Na nani anakaa humo?" nikauliza. "Sasa hivi wao," akajibu. "Januari, mlinzi."

Bibi yake alitupokea mlangoni, kanga begani, akatushika mikono yote miwili. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba na kuniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia mimi ni Mzaramo wa Mbagala, alimwita kijana mmoja na kumnong'oneza jambo. Kesho yake nilielewa. Mbuzi wa sikukuu alichinjwa na jirani Mwislamu, aliyeitwa kutoka kihamba cha tatu, ili nami, mgeni Mwislamu, nile na wenzangu. Mezani nililetewa mtori wangu kwanza, na pombe ya mbege ilipopita mkono kwa mkono, mimi nilipewa chai ya maziwa bila mtu kuuliza swali.

Bibi ndiye aliyenitembeza kihamba. Ni eneo dogo, halifiki ekari mbili, lakini lina kila kitu. Juu kabisa kuna miti ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni ya kahawa, na ardhini maharage na magimbi. Nyuma ya nyumba kuna banda la ng'ombe wawili ambao hawatoki nje. Majani huletwa kwao, na mbolea yao hurudi kwenye migomba. Kwa mpango huu watu wamekula katika mlima huo vizazi na vizazi bila kuichosha ardhi. Kazi yake, hata hivyo, haina likizo. Mgomba hukatwa majani makavu, machipukizi hupunguzwa, kahawa hupogolewa na kupuliziwa dawa, majani ya ng'ombe hukatwa kila siku.

Mibuni niliyoiona ilikuwa mizee, mingine imekauka nusu. Kilema ni miongoni mwa mahali kahawa ilipoanza katika mlima huu. Mapadre wa misheni waliiotesha hapo mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima Wachagga wakaunda chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, ushirika uliokuwa mfano kwa Afrika nzima. Fedha ya kahawa ikajenga shule, ikalipa karo, ikatoa walimu, madaktari na mahakimu. Bibi alinionyesha mibuni minne karibu na choo akasema hiyo ndiyo iliyomsomesha mwanawe wa kwanza, ambaye sasa ni mhandisi mjini. Kisha serikali ikavunja vyama vya ushirika mwaka 1976, na viliporudishwa miaka ya 1980 vilikuwa vimedhoofu. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ukavunjika, na bei ikaporomoka duniani kote. Kahawa iliwasomesha watoto, elimu ikawapeleka mbali, na kahawa yenyewe ilipoacha kulipa, hakukuwa na sababu ya kuwarudisha.

Mwishoni mwa kihamba, kwenye ukingo wa juu, Bibi alisimama mbele ya mtaro uliojaa majani makavu. Ulikuwa mfereji. Nilikuwa nimesoma kuhusu mifereji ya Wachagga, jinsi walivyochepusha maji ya mito juu msituni na kuyatembeza kwenye kingo za mlima mwendo mrefu hadi kila kihamba kipate zamu yake. Sikujua kwamba mfereji unaweza kufa bila ukame. Mfereji unahitaji watu, wanaume wenye nguvu wa koo zote zinazoutumia, wapande pamoja siku iliyopangwa, wazoe udongo, wazibe palipobomoka, waweke mawe kwenye banio. Asiyekuja alitozwa faini ya pombe au mbuzi. "Sasa nikimtoza faini, namtoza nani?" Bibi aliuliza. "Wako Dar wote. Wanatuma fedha, nami nashukuru. Tukimlipa kibarua, anasafisha kipande chetu tu. Kipande cha jirani kikiziba, maji hayafiki." Alichuma jani moja kutoka mtaroni, akalitazama, akalirudisha palepale.

Nilichukua muda kulifikiria hilo. Mtu akiwa mbali anaweza kumnunulia mama yake bima, mabati, simu, hata ng'ombe wa kisasa. Fedha ya simu inafika mlimani kwa sekunde chache. Lakini kazi ambazo watu wote huzifanya pamoja hazitumwi kwa simu. Kuchimba kaburi, kusafisha mfereji, kukesha na mgonjwa, kusimama shahidi wa mpaka, zote zinataka mtu awepo. Wanapoondoka wengi kwa pamoja, wanaobaki huanza kununua kwa kibarua kile walichokuwa wakipeana bure, na asiye na mtoto wa kumtumia fedha hubaki bila maji.

Takwimu zinaliunga mkono jicho langu. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 idadi ya Watanzania iliongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, kutoka milioni 44.9 hadi 61.7. Mkoa wa Kilimanjaro uliongezeka kutoka takriban milioni 1.64 hadi 1.86 tu. Watoto wanazaliwa huko. Wakikua, wengi wanaondoka.

Na pengo lao huzibwa na nani? Aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe nyumbani kwa Bibi ni kijana Mnyaturu kutoka Singida. Yeye ndiye anayekamua, anayepunguza migomba, anayempeleka Bibi zahanati kwa bodaboda usiku. Nilimkuta akinoa panga kwenye jiwe nikamuuliza habari za kwao. Alisema mama yake yuko peke yake na shamba la alizeti, baba yuko machimboni Geita, na dada yake ni mfanyakazi wa ndani Dar es Salaam. Naye Krismasi ile hakwenda kwao, kwa sababu Desemba ndio mwezi wenye kazi nyingi mlimani. Hapo nikaona mnyororo wote. Mjini kunamvuta Mchagga, mlimani kunamvuta Mnyaturu, na mwisho wa mnyororo kuna mama mmoja Singida anayepanda alizeti bila msaidizi.

Siku ya pili ya Krismasi ukoo ulikutana chini ya mti wa parachichi. Hiki ndicho kilichonifanya nimwelewe Mangi. Wazee walikaa kwenye viti, vijana wakasimama, nyama ikagawiwa kwa kufuata daraja la kila mtu. Watoto wa mjini walitambulishwa mmoja mmoja, wakaonyeshwa shangazi ni nani, makaburi ya babu zao yako wapi, mpaka wao unaishia kwenye isale ipi. Ada za wanafunzi wawili yatima zilichangwa palepale. Kisha likaja jambo gumu. Baba mmoja mdogo alifariki Dar es Salaam na kuzikwa hapa kihambani, kama desturi ilivyo. Wanawe wanataka kuuza sehemu yake. Hawana mpango wa kurudi, na kuna mtu wa mbali ana fedha taslimu. Wazee wakakataa: kihamba chenye makaburi hakiuzwi. Vijana wakauliza nani atakilima. Hapakuwa na jibu. Ndipo shoga yangu aliponyanyua mkono na kusema kwamba yeye na dada zake wangekilima, lakini hajawahi kusikia jina la binti likitajwa kwenye mgao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, na kila mtu pale aliijua. Palikuwa kimya. Bibi ndiye aliyesema, akiwa amekaa: "Migomba haijui sikukuu. Inataka mtu Machi, inataka mtu Juni. Anayeweza kuja Machi, apewe." Mkutano uliahirishwa bila uamuzi, lakini mzee mmoja aliandika jina la shoga yangu kwenye daftari.

Nilikaa pale nikiwaza kwetu. Wachagga waliufuata mji, sisi Wazaramo mji ulitufuata nyumbani. Babu yangu alikuwa na minazi, mikorosho na miembe Mbagala, wakati watu wa mjini walipaita porini. Walikuja wageni mmoja mmoja, wakitaka kiwanja cha kujenga chumba na sebule. Kilipimwa kwa hatua, miguu ishirini kwa ishirini, karatasi ikaandikwa mbele ya mjumbe, fedha ikahesabiwa. Kila kiwanja kilikuwa na sababu yake: mahari, matibabu, msiba. Hakukuwa na mkutano wa ukoo chini ya mti wowote. Leo minazi imekwisha, na baadhi ya binamu zangu wamepanga vyumba kwenye ardhi aliyoilima babu yao. Wengine wamesogea Mkuranga na Kisarawe, na huko nako mji unawafuata. Mkoa wa Pwani, uliokuwa na watu milioni 1.1 mwaka 2012, ulikuwa na zaidi ya milioni 2 mwaka 2022. Madalali wako barabarani wakiuliza nani anauza.

Nimerudi Mbagala na jibu la swali nililokwenda nalo. Mangi anarudi mlimani kwa sababu ardhi ile inamlazimisha yeye na ndugu zake wakae pamoja angalau mara moja kwa mwaka, wahesabiane, wagombane, wasaidiane. Ukoo wenye mahali pa kukutania hauvunjwi kirahisi na mji, hata watu wake wakitawanyika mikoa yote. Hilo ni jambo la kuheshimiwa, na sisi wengine tuna la kujifunza. Lakini nyumba za vigae zinazofungwa Januari hazisafishi mfereji. Mlima ule unahitaji watu katika miezi kumi na mmoja iliyobaki, na kama hawatapatikana, kizazi kijacho kitarudi kwenye makaburi na mageti.

Kuhamia mjini si kosa, na hakuna serikali itakayokuzuia. Aliyekosa shamba atatafuta riziki, na ana haki hiyo. Ninachowaomba wenzangu ni haya. Ndugu zangu wa Uchagani, mkutano wenu wa Desemba ujao usiishie kwenye nyama. Amueni nani atakilima kihamba cha asiyerudi, na binti anayetaka kulima apewe kwa maandishi. Mkimwajiri kijana wa watu akatunza wazazi wenu, mlipeni vizuri na mumpe naye nafasi ya kwenda kwa mama yake. Na ndugu zangu Wazaramo wa Mkuranga na Kisarawe, ardhi mliyobaki nayo bado ipo. Iteni ukoo, pimeni mipaka, nendeni serikali ya kijiji mkaombe hati ya hakimiliki ya kimila, wake na mabinti wakiwa wameandikwa humo. Fanyeni hivyo mwaka huu, kabla hamjampokea dalali mwingine barazani.